Simu ya Jumatano

Beatrice, uliniomba nikuandikie jinsi nilivyoiendesha ile nyumba ya wamisionari ya mtaa wa Fedha, ili wewe na wenzako msianze kazi kwa kupapasa. Ulisema kurasa mbili zinatosha. Nimezidisha, na sehemu kubwa ya nilichozidisha si mafunzo ya kazi, ni aibu yangu. Nimekaa nayo miaka sita. Sasa nimestaafu na hakuna wa kunifukuza, kwa hiyo usinione jasiri.

Kabla ya Fedha nilipika kwenye kantini ya kiwanda kimoja Industrial Area. Githeri asubuhi, ugali mchana, vibarua wamepiga foleni na kila mmoja anaona sahani ya mwenzake imejaa kuliko yake. Pale ndipo nilipojifunza kujibu watu bila kuinua uso kutoka kwenye sufuria. Kiwanda kilipopunguza watu, Mama Wairimu, mama wa Murang'a tuliyeabudu naye, akaniambia nyumba ya wamisionari inatafuta mtu wa kumsaidia. Nikamuuliza kama kazi ni ngumu. Akasema, "Si ngumu. Ni kulea watoto wa watu ambao hawajui kwamba wanalelewa."

Utawaona mwenyewe. Kanisa linawaleta kutoka nchi za mbali, wana miaka kumi na tisa, ishirini, waje wahubiri mitaa yetu kwa miaka miwili. Wanatembea wawili wawili. Wanafika na sanduku lililojaa dawa za tumbo na viatu visivyofaa matope ya Kayole. Mmoja wa wale wangu wa kwanza kabisa alienda Dandora siku yake ya pili, akagawa viatu vyake, akarudi Fedha na soksi. Mama Wairimu alimtazama miguu, akamwambia, "Yesu mwenyewe alivaa ndala, mwanangu. Kesho utavaa zangu." Akazivaa, za rangi ya waridi, wiki nzima.

Siku yangu ya kwanza Mama Wairimu alinionyesha mambo matatu tu. La kwanza ni mitungi, kwa sababu Fedha maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, tena yakipenda, na zikipita hizo unangoja watu wa bauza, lile lori la maji. La pili ni simu ya nyumba, kile kisimu cha vibonyezo kinachokaa juu ya friji. Namba yake ndiyo wanayopewa wazazi kwa dharura, na hawana nyingine. La tatu ni bati la biskuti lenye kufuli. Humo ndimo zinamolala simu za vijana. Sheria ya kanisa unaijua: zinatoka Jumatatu asubuhi, zinarudi Jumatatu jioni, na ufunguo hauondoki shingoni mwa mlezi. Kuna watakaobembeleza, na kuna watakaosema wanataka kuangalia saa tu. Ukutani kuna saa.

Wiki yao haibadiliki. Jumatatu ni ya kufua, kunyoana na kupiga simu kwao. Usiwapangie lolote siku hiyo, hata mgeni wa heshima. Jumanne na Jumatano ni nyumba kwa nyumba, Umoja na Kayole, mpaka Dandora, ambako wanarudi wananukia moshi wa jalala na nguo zao usizichanganye na shuka. Alhamisi asubuhi ni Kiswahili, mezani jikoni, na mwalimu alikuwa mimi. Ijumaa wanafunga mpaka jioni na kuandika ripoti ya wiki, basi usikaange kitunguu kabla ya saa kumi na mbili, huo ni ukatili. Jumamosi wanaosha kanisa na kurudia mahubiri. Jumapili wanasimama mbele ya watu na suti moja ile ile, na wewe unaketi nyuma ukiomba kola isionekane ilivyochakaa.

Hayo utayazoea kwa mwezi. Usichoweza kuzoea ni habari mbaya ikija kwa ile simu ya juu ya friji. Mwaka wangu wa pili walipiga kutoka Ghana, babu ya kijana mmoja amefariki. Ilikuwa saa sita mchana na kijana ndiyo kwanza anaingia kutoka jua kali. Mama Wairimu hakumwambia neno. Alimpa maji ya kunawa, akampakulia, akatuma mtu awaite wazee wawili wa kanisa. Alipomaliza kula wakakaa naye, wakaanza na "babu amezidiwa," kisha polepole wakafika. Alilia akiwa amezungukwa na watu. Kabla ya saa kumi alikuwa na simu sikioni anaongea na mama yake. Baadaye Mama Wairimu aliniambia habari mbaya hapewi mtu mwenye njaa wala mtu aliye peke yake. Na ndivyo tulivyo, si Mkikuyu si Mluhya, hakuna anayempigia mtu njiani na kumwambia amefiwa. Nakueleza hili mapema ili ujue kwamba njia nilifundishwa, na nilifundishwa vizuri. Kutoka saa sita mpaka saa kumi ni saa nne.

Mama Wairimu alistaafu, mimi nikabaki mlezi. Wakapita wengi. Kisha akaja Rommel.

Rommel alitoka Ufilipino. Alikuwa mwembamba, nywele zimesimama kama brashi, na hakuwa na haya ya kukosea, ndiyo maana alijifunza haraka. Watoto wa Kayole walimwita Mchina, naye alisimama kila mara akawaeleza anakotoka, mpaka mwenzake Kondwani, kijana wa Malawi, akawa anatangulia na kumngoja kwenye kona. Bibi mmoja wa Umoja alimshika mikono yote miwili akamshukuru Mungu kwamba ameonana na mjukuu wa wale Wafilipi walioandikiwa barua na Mtume Paulo. Rommel hakumsahihisha. Aliniuliza jioni, "Mama, alifurahi sana. Ningesema nini?"

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi, ambayo kwao ni saa nane mchana, alikuwa amesimama mbele ya bati kabla sijautoa ufunguo shingoni. Alimpigia mama yake. Baba yao aliondoka zamani, na yule mama aliwalea yeye na dada yake Ana kwa kushona sare za shule nyumbani. Nilikuwa nikimsikia kutoka jikoni akicheka kwa lugha yao. Siku nyingine aligeuza simu ili mama yake anione, nami nikapunga mwiko. "Mama Rommel, habari ya huko," nilisema, naye akasema chake, tukacheka. Tulisalimiana hivyo miezi kumi na minne, wanawake wawili tusioelewana hata neno moja.

Sasa nifike penye ubaya wangu, maana nimeuzunguka vya kutosha.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili, shule ya msingi karibu na Webuye, na nyumbani kwetu kosa la Kiswahili lilikuwa kosa kama kuiba sukari. Sikufika mbali shuleni, lakini hilo nilitoka nalo. Kanisani hawakulijua. Kanisani mimi nilikuwa Mama Simiyu wa kupika. Siku moja kwenye kikao cha akina mama nilisema nawafundisha wale vijana lugha, na Mama Stella, mwenyekiti wetu, mwalimu wa kusomea, akasema mbele ya wote, "Wewe wafundishe kukanda chapati, Mama Simiyu. Lugha tuachie sisi." Wakacheka. Nami nikacheka, nikamwaga na chai. Kicheko kile kilinikaa kooni miaka miwili.

Basi nilipoona sikio la Rommel, nikamkaba. Wengine niliwasamehe wakisema "mimi taka chai." Rommel sikumsamehe. Vijana wa Dandora wakamtia Sheng, akaingia siku moja na "niaje mathe," nikamnyima uji mpaka aamkie vizuri. Alicheka, akaamkia. Kufikia mwezi wa kumi na nne nilimwendea msimamizi wa misheni, nikamwambia huyu kijana anaweza kuhubiri ibada nzima kwa Kiswahili bila mkalimani. Haikuwa imefanyika kanisani kwetu. Msimamizi akakubali, akapanga Jumapili, kisha akasafiri kaskazini kutembelea makanisa. Nikaanza kualika watu. Niliwaalika hata wa kanisa lingine. Mama Stella nilimwendea mpaka nyumbani.

Jumatano ya wiki hiyo, saa nne asubuhi, nilikuwa nachambua sukuma wiki simu ya nyumba ikalia. Namba ilikuwa ndefu. Alikuwa Ana, dada yake. Kiingereza chake kilikuwa cha haraka na changu cha kantini, lakini tulielewana, sitaki kuisingizia lugha. Mama yao ameanguka kwenye cherehani. Yuko hospitali, na daktari amesema ni siku, si wiki. Haongei sana ila anasikia, na amemtaja Rommel.

"Mwambie apige leo," Ana alisema. "Akipiga leo, mama atamsikia."

Nikasema nitamwambia. Wakati ule nilikusudia. Rommel na Kondwani walikuwa wameshaondoka kwenda Dandora, wangerudi saa kumi na mbili. Nikawaza kama nilivyofundishwa: nitampikia kwanza, nitaita watu. Nikampigia msimamizi, simu haikuingia, huko aliko mtandao ni wa kubahatisha. Na hapo, Beatrice, nikasikia kitu ndani yangu kikishusha pumzi. Nilishukuru kwamba haikuingia. Sikujaribu tena, wala sikuita wazee.

Jioni Rommel aliingia na matope mpaka magotini na karatasi ya mahubiri mkononi. Hata viatu hakuvua. Alisimama mlangoni mwa jikoni akaanza, "Ndugu zangu wapendwa katika Bwana," sauti imetulia, kila neno limekaa mahali pake. Alikuwa amechagua habari za yule mjane wa Sarepta, mwenye konzi moja ya unga. Nikamtazama nikaona akijua, hiyo Jumapili haipo. Na nikiitazama Jumapili namuona Mama Stella kwenye benchi la mbele. Nikajiambia mwenye huzuni hahubiri, mwache amalize. Nikajiambia madaktari wanatisha watu kila siku. Nikajiambia Jumatatu si mbali, na Jumatatu ndiyo siku ya simu, sheria ni sheria. Mtu akitaka kutenda ovu hakosi sababu tatu nzuri. Nikampakulia wali, akaongeza.

Alhamisi asubuhi tulikuwa mezani, yeye na mimi, daftari kati yetu. Kondwani alikuwa anafua. Simu ikalia juu ya friji. Niliichukua nikatoka nayo nje, kwenye kamba za nguo, nikasimama nyuma ya shuka. Ana aliuliza kwa nini hajapiga. Je, nilimwambia?

Nikasema, "Ndiyo. Amepata ujumbe. Atapiga akipata nafasi."

Sijui kama ulishawahi kusema uongo ukauona unavyotoka mdomoni laini, kama si wako. Sisi tuna hiyo tabia ya kumjibu mtu linalomtuliza, ataridhika, mengine yatajipanga. Ana alishukuru. Alinishukuru mara mbili. Nilipoingia ndani Rommel akaniuliza, "Nani, Mama?"

"Watu wa maji," nikasema. "Wanasema bauza inachelewa."

Akainamisha kichwa akaendelea kusoma. Kutoka alipoketi mpaka kwenye zile kamba ni hatua sita. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku hiyo.

Ijumaa nikakinyamazisha kile kisimu. Kikawa kinatetemeka tu juu ya friji, nami nikawasha redio. Jumamosi kilitetemeka asubuhi mara tatu. Jioni kikatetemeka kwa muda mrefu, kikasogea mpaka ukingoni, kikanyamaza. Baada ya hapo hakikulia tena, na sikuthubutu kujiuliza kwa nini.

Jumapili Rommel alihubiri. Nisiseme uongo mwingine, ilikuwa nzuri. Kanisa lilijaa mpaka vijana wakasimama madirishani. Aliwasimulia yule mjane, kisha akasema hata yeye anamjua mwanamke wa namna hiyo, mama yake, ambaye anashona sare za watoto wa watu na hajawahi kulala bila kuwalisha wake. Alisema anashona. Watu wakaitikia amina. Kwao ilikuwa jioni, na mama yake alikuwa amekufa tangu jana.

Baada ya ibada Mama Stella alinijia mlangoni akanipa mikono yote miwili. "Mama Simiyu," akasema, "leo nimekuvulia kofia. Wewe ni mwalimu." Alisema mbele za watu, kama nilivyotaka. Na nilifurahi. Ningependa kukuandikia kwamba sifa ile ilinichoma, lakini siku ile haikunichoma. Niliila nikashiba. Nilirudi Fedha nikiimba.

Usiku ule nikapanga mambo. Msimamizi anarudi Jumatatu jioni. Nitasema ufunguo umepotea, simu zikae mpaka afike, tumwambie pamoja, kwa utaratibu. Lakini saa tatu asubuhi Rommel alisimama mbele ya bati kama kawaida, amenyolewa, uso unang'aa.

"Mama, leo nataka kumwambia mama yangu nilihubiri," akasema. "Nitamsemea ile sehemu yake, kwa Kiswahili. Hataelewa, lakini atasikia."

Maneno yalikuwa pale. "Rommel, kaa chini," ni maneno matatu. Nikavua ufunguo shingoni, nikafungua bati, nikampa simu yake. Niliona heri simu imwambie kuliko mimi. Kisha nikageukia sinki nikaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Simu ikiwashwa baada ya wiki huwa inalia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe. Nilizisikia zikiingia. Kisha zikakoma. Alikaa kwenye kiti. Alisema neno moja la kwao, kwa sauti ndogo. Kondwani aliingia mbio kutoka nje akamkuta ameshika simu kwa mikono miwili, akapiga magoti akamkumbatia. Mimi nilikuwa bado nimewapa mgongo na povu limenifika viwikoni.

Baada ya muda Rommel akauliza, "Mama, walipiga hapa? Simu ya nyumba ililia?"

Nikasema, "Wiki nzima imekuwa mbovu. Haishiki chaji."

Alinitazama. Sikujua namna alivyonitazama kwa sababu nilikuwa naangalia sufuria. "Sawa, Mama," akasema.

Msimamizi alimpa ruhusa akaenda kuzika. Alipotoka niliangusha kile kisimu kwenye beseni la maji ili kiwe kibovu kweli, nikaomba kanisa linunue kingine. Kanisa zima lilinisifu kwa jinsi nilivyopika na kupokea wageni wa matanga pale nyumbani, ingawa marehemu alikuwa nchi nyingine. Tangu hapo kijana yeyote akifiwa walisema, "Mwiteni Mama Simiyu, ana neno la faraja." Nilienda, na neno nilikuwa nalo. Niliwaambia wakae na watu, wale kwanza.

Rommel alirudi baada ya wiki tatu akamaliza miezi yake kumi. Hakunikosea heshima hata siku moja. Aliamkia, alishukuru chakula, aliosha sahani yake. Ila Alhamisi hakuja tena mezani. Alisema ana ripoti, na mwishowe akajifunza Kiswahili kilichobaki kwa vijana wa Dandora, wakamharibia nusu ya kazi yangu. Na Jumatatu alichukua simu yake bati likiwa bado halijafunguka vizuri, akatoka nayo nje. Nilijiambia ni huzuni. Siku ya kuondoka tulishikana mikono pale getini, ndege ikapita juu ya mapaa kama zinavyopita Fedha kutwa, na tukangoja ipite ndipo tuagane. Ilipopita alibeba sanduku lake akaondoka.

Hayo ndiyo niliyokusudia kukuandikia, yaishie hapo. Lakini nilipofika kwenye jina lake kalamu ilinigoma. Nikaona siwezi kuandika habari za mtu ambaye mwenyewe hajaambiwa. Nikatafuta namba yake kwa Kondwani. Jumapili iliyopita, mchana, nikapiga.

Ni mwalimu sasa, ana mke. Aliijua sauti yangu mara moja. "Shikamoo, Mama Simiyu," akasema. Zamani aliniita Mama tu.

Nikamwambia yote, kuanzia sukuma wiki mpaka beseni. Sikujitetea, au nilijitahidi nisijitetee. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Ana aliniandikia kwamba alizungumza na wewe mara mbili. Nilipokuuliza pale jikoni, nilikuwa nimeshausoma ujumbe wake."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani utaniambia kesho yake. Nikarudi kutoka kuzika, nikadhani sasa utaniambia. Nilingoja miezi kumi. Halafu nikachoka kungoja, Mama Simiyu, nikaenda nyumbani."

Nikalia, na nikajionea haya kulia, kwa sababu msiba haukuwa wangu. Ilinichukua muda kumuuliza lile nililoogopa miaka yote. Nilimuuliza mama yake alisema nini zile siku.

"Una hakika unataka?" akaniuliza. Nikasema ndiyo.

"Jumatano Ana alimwambia mama kwamba nitapiga. Mama akamwambia aweke simu kwenye mto, karibu na sikio. Alhamisi ulipomwambia Ana nimepata ujumbe, Ana akampa mama habari hiyo, akafurahi. Wauguzi walitaka kumpa dawa ya maumivu ile ya kulaza, akakataa. Alisema akilala nitapiga asisikie. Ijumaa alikataa. Jumamosi mchana akauliza kama nimekasirika naye. Ana akamwambia hapana, ni kwamba nina kazi nyingi. Jioni akasema basi, nipeni dawa."

Nilimwambia nisamehe. Akasema alijaribu kunisamehe zamani, siku nyingine inawezekana na siku nyingine haiwezekani, na leo hajui ni siku gani. Nikaona amenijibu kwa haki. Nikamwomba ruhusa ya kuandika. Akasema niandike, ila nisimwite mama yake Mama Rommel, kwa sababu miezi yote ile nilimpungia mwiko na sikuwahi kuuliza jina lake.

Aliitwa Perla. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na aliingoja simu ya mwanawe siku nne bila dawa.